Kisigino cha Mnoa Visu

Anayekwambia kisigino ni kiungo kidogo, mwambie aamke asubuhi moja na kisigino cha Makali, akanyage sakafu. Atakoma. Makali mwenyewe alikuwa anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anaitazama ile sakafu ya saruji kama mtu anayetazama deni, anavuta pumzi, halafu ndiyo anashusha mguu wa kulia. Na kila asubuhi, hata ajiandae vipi, kitu kilimchoma nyuma ya kisigino, pale kano linapoanza kupanda kwenda kwenye shavu la mguu. Hapo anashika ukuta, anaelekea msalani akichechemea, huku akiulaani mguu, akiulaani ukuta, na kumlaani fundi aliyejenga msala mbali na chumba.

Jina la Makali alipewa na kazi. Alikuwa mnoa visu, na baiskeli yake ilikuwa nusu usafiri, nusu kiwanda. Njiani ilimbeba kama baiskeli yoyote. Akifika kwa mteja aliisimamisha kwenye stendi ya chuma iliyoinua gurudumu la nyuma, akafunga mkanda wa mpira kutoka gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la kunolea lililokaa mbele ya kiti, akapanda tena, akaanza kukanyaga. Jiwe likazunguka, cheche zikaruka, kisu kikapata makali. Miaka ishirini na miwili kazi ilikuwa hiyo: mabucha, majiko ya shule na hoteli, washonaji na mikasi yao, vinyozi na nyembe zao. Kila mteja na siku yake, na siku ikipita bila wewe kuonekana, mteja ana miguu, atatafuta mwingine.

Maumivu yalianza kama utani. Kidogo asubuhi, halafu yanapoa akishapata joto la kazi. Baadaye yakawa yanarudi jioni. Baadaye yakawa hayaondoki. Na unajua watu wetu, ukichechemea hatua tatu barabarani umeshapata madaktari wanne. Huyu akasema loweka kwenye maji ya moto na chumvi. Yule akasema maji ya moto ni sumu, weka barafu. Kinyozi mmoja akamwambia apake mafuta ya taa, akapaka, akanuka wiki nzima mpaka mkewe akamhamishia mkekani. Jirani yao mkandaji, mama mwenye vidole vya kukamulia nazi kavu, alilivuta lile kano hadi Makali akaona nyota saa nne asubuhi. "Linalia, maana yake linatoka," yule mama akasema. Halikutoka. Lilivimba.

Ndipo akaenda zahanati. Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya mlango, masikini, na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alilibonyeza lile kano mara moja, Makali akaruka.

"Unaendesha baiskeli?"

"Naendesha, daktari. Kila siku."

"Basi wiki sita usiendeshe. Mguu upumzike. Mwingine!"

Wiki sita. Makali alirudi nyumbani amenyong'onyea, lakini ni mtu wa kushika neno. Akasema akishaambiwa asipande, hapandi. Na kweli hakupanda. Kuanzia kesho yake alionekana mitaani akiisukuma baiskeli yake kwa mkono, jiwe, stendi, kopo la maji na kila kitu, kilomita baada ya kilomita, jasho linamtiririka, na watu waliokuwa wanampita kwa baiskeli zao wanampa pole. Akifika buchani anaiweka kwenye stendi, anapanda, anakanyaga saa nzima. Anashuka. Anaisukuma hadi kwa washonaji. Anaiweka kwenye stendi, anapanda, anakanyaga.

Usimcheke bado. Kichwani mwake kuendesha baiskeli ni kutoka hapa kwenda pale. Kukanyaga ukiwa umesimama palepale ni kunoa, na kunoa ni kazi, na daktari hakusema neno juu ya kazi. Mkewe naye aliamini kwamba haendeshi. Huyo mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha kwa sababu ya wale mabinti wawili walioshaolewa na kwenda mbali, katika ndoa yote ile hakuwahi kusimama mahali mumewe anaponoa. Alimwona akitoka na baiskeli asubuhi na kurudi nayo jioni, basi. Kwa hiyo jioni alimpokea kwa huruma: "Afadhali huipandi siku hizi, Baba Mapacha. Utapona." Wiki ya sita ilipokwisha, nyuma ya kisigino palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa harage, na Makali alikuwa anapanda ngazi za barazani kwa mguu mmoja.

Zahanati wakamtuma hospitali kubwa, chumba cha mazoezi ya viungo, mwisho wa korido ndefu iliyonuka dawa ya sakafu. Humo alimkuta binti mwenye viatu vya raba na sauti ya upole, ambaye wagonjwa wote, hata wazee wa umri wa babu yake, walimwita dada wa mazoezi.

"Baba, umeacha baiskeli kweli?" dada akauliza akisoma karatasi.

"Kabisa. Wiki sita. Naisukuma tu."

"Unaisukuma kwenda wapi?"

"Kazini."

"Na kazini unafanya nini?"

"Nanoa visu."

"Unanoaje?"

"Si nakanyaga, mwanangu."

Dada akainua macho. "Unakanyaga nini, baba?"

"Pedali."

"Pedali za nini?"

Makali akaanza kuona anakopelekwa, akakaza shingo. "Za baiskeli. Lakini haiendi! Imesimama!"

Dada akaiweka kalamu mezani taratibu, akaufunika mdomo kwa kiganja. Hakucheka, au alijitahidi asicheke. Akamwambia Alhamisi aje na baiskeli yenyewe, na kazi yake kamili, amwone anavyonoa.

Alhamisi ile Makali alinoa visu saba vya jiko la hospitali kwenye uwanja nyuma ya chumba cha kufulia, na dada amechuchumaa pembeni anatazama mguu, si kisu. Alihesabu kwa sauti ya chini mpaka akachoka kuhesabu. Kisu kimoja kilikula mikanyago mia tatu na ushee. Kisha akaona mengine. Kiti kilikuwa juu mno. Makali akaeleza kwamba miaka mitatu iliyopita alifunga jiwe kubwa zaidi, likamziba, akainua kiti vidole viwili ili aone anachonoa. Miaka mitatu basi mguu wake ulikuwa unaitafuta pedali kwa ncha ya vidole, kila mzunguko, kisigino kiko hewani. Na mguu wa kushoto haukufanya kazi yoyote. Aliuegemeza kwenye fremu ili goti limsaidie kushika kisu, kazi yote ukaachiwa wa kulia, ndani ya ndala iliyolika kisigino hadi ikawa kama karatasi.

"Baba," dada akasema, "ukijumlisha, umeendesha mpaka nchi ya tatu na kurudi. Ila hukuona njia."

Halafu akaacha mzaha. Akamlaza kifudifudi, akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe pale lilipovimba. Akamwambia kano ni kamba, inavumilia sana, lakini ikichokonolewa kila siku bila kupumzishwa inaanza kulika uzi mmoja mmoja. Hakuna tena kwenda kwa yule mama wa vidole. Kiti kishuke. Pedali ikae katikati ya unyayo, si kwenye vidole. Avae kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo. Na mazoezi, wiki kumi na mbili: asimame kwenye ukingo wa ngazi, ajiinue kwa miguu yote miwili, halafu ajishushe kwa mguu mbovu peke yake, polepole, kisigino kipite chini ya ukingo. Mara kumi na tano, apumzike, mara tatu hivyo, asubuhi na jioni. Kuuma kidogo ruksa. Na muda wote huo asikanyage pedali za lile jiwe.

"Nitumie wa kushoto basi," Makali akasema.

"Ukiutwika wa kushoto kazi yote, baada ya miezi miwili tutakuwa na wagonjwa wawili."

"Na nikikanyaga polepole tu?"

Dada alimtazama usoni. "Likikatika, baba, utaiuza hiyo baiskeli. Sikutishi. Hutanoa tena kwa huo mguu."

Makali aliisukuma baiskeli kurudi nyumbani na hilo neno moja kichwani. Umri wake hamsini na moja. Hakuwa na ujuzi mwingine. Alimweleza mkewe akiwa amekaa kwenye ngazi ya barazani, na huyo mke amesimama na ufagio, Makali akamaliza kwa kusema ndiyo hivyo, hakuna mtu wa kukanyaga, wateja watatawanyika, na akipona atakuta hakuna wa kumnolea.

Mama Mapacha alifagia ngazi mbili. Kisha akauliza, "Mimi sina miguu?"

"Wewe?"

"Ninayo au sina?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kiti kikashushwa, Mama Mapacha akafunga leso kiunoni juu ya suruali ya zamani ya mumewe, akapanda. Makali akawa anakaa kwenye kigoda ubavuni mwa jiwe na kunoa kwa upande, mkono umepinda, mgongo unalalamika. Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Mama Mapacha alikanyaga kama anayefukuzwa, halafu akimwona mtu anayemfahamu anaacha kukanyaga ili amsalimie vizuri, na jiwe linakufa katikati ya kisu. Kisu kirefu cha mwenye bucha kikapata pengo kwenye makali, pengo la kuingiza ukucha. Makali alilifuta kwa kinoo cha mkono saa nzima, mdomo umefungwa, mishipa ya shingo imemsimama.

"Sema tu unachotaka kusema," mkewe akamwambia.

"Sina la kusema."

"Afadhali ungetukana."

Hakutukana. Alikuwa na aibu, hiyo ndiyo kweli, aibu ya asubuhi hadi jioni. Mwenye bucha, mtu mnene wa vicheko, alimaliza kila kitu kwa sentensi moja. "Jamani njooni muone," akapaza sauti, "mnoa visu wetu siku hizi ana injini!" Wateja wakacheka. Mama Mapacha hakukatisha mkanyago. "Na injini inakunywa chai," akajibu, "ya maziwa, na isicheleweshwe." Buchani kote watu wakashika mbavu, chai ikaletwa. Makali alicheka na wenzake kwa meno tu.

Lakini miguu ya mwanamke yule ilijifunza. Wiki ya tatu jiwe lilikuwa linazunguka sawasawa, hata kuliko alivyolizungusha yeye, na washonaji wakawa wanamngoja Mama Mapacha kwa hadithi. Alijua nani kajifungua, nani kahama, mtoto wa nani kafaulu. Anakanyaga, anasimulia, wanacheka, mikasi inapangwa mezani. Makali aliinamia jiwe. Yeye kwa asili hakuwa msemaji, na nyumbani ndiyo kabisa. Kwa miaka mingi aliingia jioni, akanawa, akala, akalala, na ukimuuliza habari za huko anajibu "nzuri" kwa kila siku iliyotoka kwa Mungu.

Asubuhi na jioni alisimama kwenye ngazi ya barazani, mkono mmoja ukutani, akajiinua na kujishusha. Moja. Mbili. Dawa ile ilimchosha kwa sababu haikufanana na dawa. Haikuwa chungu ukaimeza ikaisha, wala sindano ukaikunjia uso. Ilikuwa kupanda na kushuka mahali pamoja, tisini kwa siku, jumla isiyoongeza kitu. Wiki ya kwanza iliuma zaidi, dada akasema ni kawaida. Wiki ya nne haikuuma zaidi wala haikupungua. Wiki ya tano aliteremka kitandani asubuhi akafika mlangoni kabla hajakumbuka kushika ukuta. Alisimama pale, akarudi kitandani akakanyaga tena kuhakikisha. Iliuma, lakini kidogo. Hakumwambia mkewe, aliogopa kuitia mkosi.

Na hapo ndipo shetani alipompitia. Wiki ya saba, buchani, Mama Mapacha alikwenda kujisaidia nyumba ya jirani. Mwenye bucha akatoka na mapanga matano ya kukatia mifupa, akaona kiti kitupu. "Leo injini imezimika? Au tumngoje mama mwenye nyumba aje?" Alisema bila ubaya, ndivyo alivyokuwa, mdomo hauna breki. Makali angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamazia mengi. Lakini mguu ulikuwa haujauma siku tatu, na yeye ni mwanamume mzima amekaa kwenye kigoda kama anayesubiri kusukwa nywele. Akapanda. Alikanyaga kwa hasira, kama zamani, kwa ncha ya vidole maana ndiko mguu ulikozoea, na raha aliyoisikia kwenye panga la kwanza, wallahi, alikuwa hajaisikia wiki saba zile. Panga la pili. La tatu. La nne lilikuwa zito na butu, akasimamia pedali kwa uzito wote, na kitu nyuma ya kisigino kikambana ghafla kama mlango umemfungia mguu.

Mkewe alimkuta ameketi chini, amekishika kisigino kwa mikono miwili, na mwenye bucha amesimama kando, kicheko kimekauka.

Dada wa mazoezi alimlaza kifudifudi tena, akalibinya shavu la mguu, akatazama unyayo. Unyayo ukacheza. Akalibinya tena, ukacheza tena, ndipo akapumua. "Halijakatika. Una bahati usiyostahili, baba. Tunaanza upya."

"Tunaendelea pale tulipofika?"

"Tunaanza upya. Wiki ya kwanza."

Nje, kwenye korido ile ndefu, Mama Mapacha hakungoja wafike nyumbani. Alisimama mbele yake, begi la mgongoni linamning'inia, na watu wa foleni wakageuza vichwa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo nililijua tangu shule. Lakini guu lako ni lako? Hii miguu unayoiona hapa ni ya nani? Wiki saba nakanyaga mimi, ili wako upone, na wewe unauchezea kwa maneno ya muuza nyama! Unanisikia? Ya muuza nyama!"

"Nakusikia, mama."

"Ningeweza kukuacha. Ningeenda kwa wanangu nikakaa."

Makali alitazama viatu vya mkewe, raba za buluu zilizochanika ubavuni, na akaona haya kweli, si ile haya ya kuchekwa buchani. Hii ilikuwa nyingine. "Nisamehe," akasema, na watu wa foleni wakageukia mbele. Mama Mapacha akalipachika begi vizuri. "Haya, twende. Kesho ni siku ya washonaji."

Wiki kumi na mbili za pili hazina masimulizi. Zilikuwa ndefu, ndiyo habari yake. Kulipambazuka, wakaenda, wakanoa, wakarudi. Mvua ilinyesha wakajikunyata chini ya mabati ya mtu. Jua liliwaka jiwe likapata moto, kopo la maji likaisha kabla ya adhuhuri. Makali alijishusha na kujiinua kwenye ngazi, sasa na begi lenye mchanga mgongoni kwa amri ya dada, na hakuruka siku hata moja. Mwenye bucha alianza kuwaletea chai mwenyewe bila kusema lolote la injini.

Kitu kimoja tu alikigundua, na hakumwambia mtu. Akishika kisu juu ya jiwe, aliisikia miguu ya mkewe mkononi mwake. Asubuhi chuma kililia kwa sauti moja, sawa, bila kutetereka. Kuanzia saa nane mchana kisu kilianza kupwita kiganjani. Mkanyago mmoja una nguvu, unaofuata hauna. Aligeuka akamtazama: Mama Mapacha alikuwa anasimulia, anacheka, washonaji wanacheka. Basi akajiambia huyu hana neno, kisu ndicho chenye mashaka. Alijua hayo si kweli. Mtu anayenoa miaka ishirini na miwili hadanganywi na kisu.

Siku ya mwisho dada alimsimamisha kwa mguu wa kulia peke yake, akamwambia ajiinue kwa vidole mpaka ashindwe. Makali alifika ishirini na tano, dada akamwambia inatosha. Akalibonyeza kano. Kimya. Akalibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Kivimbe kilikuwa bado kipo kidogo, akasema huenda kikabaki hivyo, kisimtishe. Aanze nusu siku, kiti kibaki chini, unyayo katikati, miguu yote miwili ifanye kazi. "Na usiache ngazi, baba. Mara chache kwa wiki, maisha yako yote."

Njia nzima ya kurudi Makali alikuwa na hotuba. Ndiyo, yeye, asiyesema. Aliipanga vizuri: kwamba kazi ya wawili imeenda vyema, wateja wamezidi, washonaji wanamtaka Mama Mapacha hasa, na yeye Makali ameizoea kampani, kwamba hakujua siku inaweza kupita haraka hivyo mtu akiwa na mwenzake. Wangepokezana. Asubuhi wewe, mchana mimi. Angemwomba fundi wa kuchomelea aweke mahali pa kukaa wa pili. Alijisikia kama kijana anayekwenda kuposa.

Alimkuta mkewe amekaa kwenye kochi la sebuleni, miguu ameinyoosha kwenye kigoda. Makali alimwambia amepona. Mama Mapacha akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi," polepole, kwa pumzi ndefu. Basi Makali akaitoa hotuba yake yote, hata lile la fundi wa kuchomelea hakuliacha.

Mkewe hakufumbua macho.

"Nimechoka, Baba Mapacha."

"Leo, ndiyo. Kesho utapumzika, halafu..."

"Nimechoka tangu siku ya tatu."

Makali akabaki amesimama. "Lakini ulikuwa unacheka. Unasimulia..."

"Nisingesimulia ningelia. Nyonga zinaniwaka. Usiku nalala naona lile jiwe linazunguka. Kila asubuhi naamka nasema leo namwambia basi, halafu nakuona uko kwenye ngazi unapanda na kushuka kama mwendawazimu, nanyamaza. Ungeumia tena ningejilaumu mpaka kaburini."

"Mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipofumbua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, uso mzima.

"Na wewe ulisema lini? Miaka ishirini na miwili, ulisema lini? Unaingia, unakula, unalala. Nikamwambia hata dada yangu: huyu bwana kanikinai, ananivumilia kwa ajili ya watoto. Nililia, sikufichi. Miaka nimelilia jambo hilo. Nikawa najibu kwa kununa, nawe unanyamaza zaidi. Kumbe mtu hana hata nguvu ya kufungua mdomo. Nimelijua kwenye kile kiti chako. Wiki ya kwanza tu, narudi hapa, unaniuliza chumvi iko wapi, naona hata kukujibu ni mzigo. Nikasema, haa! Kumbe ndicho hiki?"

Makali alikaa kwenye mkono wa kochi. Alitafuta neno, hakulipata, na kwa mara ya kwanza hakutaka mkewe adhani ni kitu kingine. "Ndicho hicho," akasema. "Hakuna kingine. Hakikuwepo kingine."

"Basi," akasema Mama Mapacha. Akalala palepale kwenye kochi, na hakuamka hadi asubuhi.

Kesho yake Makali alitoka peke yake, nusu siku kama alivyoambiwa. Alipanda, alikanyaga njiani, alikanyaga kwenye stendi, kisigino kikashuka na kupanda mahali pake. Kilimkumbusha kidogo kwamba kipo, lakini hakikumchoma. Washonaji walimuuliza yuko wapi Mama Mapacha, akasema amepumzika. Hakuna aliyesimulia kitu. Alirudi mchana, akaegemeza baiskeli ukutani, akanawa, akaingia. Mkewe alikuwa anapepeta mchele mezani. Makali akavuta kiti akakaa, na kwa mazoea ya miaka akafungua mdomo aseme "nzuri" kabla hajaulizwa.

"Nimechoka leo," akasema.

Ungo ukasimama. Mama Mapacha akainua macho.

"Mikasi?"

"Mikasi kumi na minne."

"Ile ya kukatia turubai ilikuwemo?"

"Mitatu."

"Pole," mkewe akasema, akausogeza ungo pembeni, akaja kukaa. "Ile najua inavyoua. Haya, nieleze."